Je, NATO iliiahidi Urusi kwamba haitasogea mashariki?

Swali la msomaji: Kila mabishano ya vita vya Ukraine yakianza, hoja moja haikosi. Upande mmoja unasema mwaka 1990 nchi za Magharibi ziliiahidi Urusi kwamba NATO haitasogea mashariki "hata inchi moja", kisha zikaigeuka. Upande wa pili unasema hakuna kitu kama hicho, ni propaganda ya Moscow. Nani mkweli? Na kama ahadi ilikuwepo, ina uzito gani kisheria?

Jibu:

Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Maneno hayo yalitamkwa, tena na watu wazito, na kumbukumbu zake zipo. Ila yalitamkwa katika mazungumzo ya kuunganisha Ujerumani, waliyoyatamka wakayaacha ndani ya wiki chache, na mkataba uliosainiwa mwaka huohuo unasema jambo jingine. Kwa hiyo usianzie kwenye hotuba za mwaka 2022. Anzia Januari 1990, uangalie nani alisema nini, kwa nani, na kuhusu ardhi ipi.

Ukuta wa Berlin ulikuwa umefunguliwa Novemba 9, 1989. Ujerumani mbili zilitaka kuungana, lakini washindi wanne wa Vita Kuu ya Pili, yaani Marekani, Muungano wa Kisovieti, Uingereza na Ufaransa, bado walikuwa na haki zao juu ya Berlin na Ujerumani nzima. Bila ridhaa ya wote wanne, hakuna muungano. Moscow ilikuwa na askari zaidi ya laki tatu ndani ya Ujerumani Mashariki. Turufu ilikuwa mkononi mwa Mikhail Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, na swali la siku hizo lilikuwa moja: Ujerumani ikiungana, itakaa ndani ya NATO au nje yake?

Januari 31, 1990, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani Magharibi, Hans-Dietrich Genscher, alihutubia mjini Tutzing, Bavaria. Alipendekeza NATO itamke wazi kwamba haitatanua eneo lake kuelekea mipaka ya Muungano wa Kisovieti. Februari 6 alimfafanulia mwenzake wa Uingereza, Douglas Hurd, kwamba hakuwa na maana ya Ujerumani Mashariki peke yake. Alizifikiria pia nchi nyingine za mashariki. Watetezi wengi wa NATO hulipita jambo hili haraka, na hawatendi haki wanapofanya hivyo.

Februari 9 ikawa zamu ya James Baker, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, kukaa na Gorbachev Kremlin. Muhtasari wa kikao hicho uliandikwa na pande zote mbili, na mihtasari yote miwili inakubaliana katika jambo kuu. Baker alimpa Gorbachev njia mbili achague: Ujerumani iliyoungana, iliyo nje ya NATO, isiyo na askari wa Marekani na inayojiamulia mambo yake, au Ujerumani iliyofungamana na NATO, pamoja na hakikisho kwamba mamlaka ya NATO hayatasogea hata inchi moja mashariki ya pale yalipokuwa. Gorbachev akajibu kwamba kutanua eneo la NATO kwa namna yoyote hakukubaliki. Baker akasema anakubaliana naye.

Kesho yake Kansela wa Ujerumani Magharibi, Helmut Kohl, aliingia Kremlin na ujumbe uleule, na siku hiyohiyo Gorbachev akaridhia kwamba Wajerumani wenyewe ndio waamue kama wanataka kuungana. Hapa ndipo manung'uniko ya Urusi yana msingi wa kweli. Gorbachev alitoa kitu kikubwa baada ya kusikia kauli, na hakudai kauli hiyo iandikwe. Hakuna aliyemzuia kudai. Alikuwa kiongozi wa dola kubwa, amezungukwa na wanasheria na wanadiplomasia waliobobea.

Wakati huohuo Washington ilikuwa inabadilisha msimamo. Washauri wa Rais George H. W. Bush waliona kasoro katika kauli ya Baker: "mamlaka ya NATO" yakiishia kwenye mpaka wa zamani, nusu ya Ujerumani iliyoungana italindwa na nusu itabaki wazi. Nchi moja, kinga nusu. Barua ya Bush kwa Kohl ilikuja na wazo tofauti: Ujerumani yote iwe ndani ya NATO, ila upande wa mashariki upewe hadhi maalumu ya kijeshi. Kohl na Bush walipokutana Camp David Februari 24 na 25, msimamo huo ndio uliobaki, na kauli ya inchi moja ikawekwa kando. Mei 31, akiwa Washington, Gorbachev mwenyewe alikubali mbele ya Bush kwamba Ujerumani ina haki ya kuchagua muungano wake wa kijeshi, kwa kanuni ya Azimio la Helsinki la 1975. Azimio hilo, ambalo Moscow ilikuwa imelisaini, linatambua haki ya kila nchi kuwa au kutokuwa mwanachama wa mikataba ya muungano.

Sasa tuje kwenye mkataba. Unaitwa Mkataba wa Mbili Jumlisha Nne, yaani Ujerumani mbili na zile dola nne, na ulisainiwa Moscow Septemba 12, 1990. Ibara ya 6 inasema haki ya Ujerumani kuwa ndani ya miungano haiguswi. Ibara ya 5, kifungu cha 3, inasema majeshi ya Kisovieti yakishaondoka, askari wa Ujerumani walio chini ya NATO wanaweza kuwekwa mashariki ya nchi, lakini bila mitambo ya kurushia silaha za nyuklia. Na majeshi ya kigeni pamoja na silaha za nyuklia hayatawekwa wala kupelekwa huko. Soma tena sehemu hiyo ya askari wa Ujerumani. Saini ya Moscow yenyewe iliiruhusu NATO kuvuka mpaka ambao Baker alisema hautavukwa.

Mkataba huu nusura ukwame usiku wa kuamkia kusainiwa. Waingereza walihoji: kama majeshi ya kigeni "hayatapelekwa" mashariki, je, baada ya Wasovieti kuondoka, kikosi cha NATO hakitaruhusiwa hata kuvuka kwa ajili ya mazoezi? Wasovieti hawakutaka kulegeza. Genscher alikwenda hotelini usiku wa manane kumwamsha Baker. Suluhisho likawa nyongeza fupi, inayoitwa muhtasari wa makubaliano, yenye sentensi moja: maswali yote kuhusu maana ya kupeleka majeshi yataamuliwa na serikali ya Ujerumani iliyoungana, kwa busara na uwajibikaji, ikizingatia maslahi ya usalama ya kila mtia saini. Mawaziri wote sita wakasaini mkataba, kisha wakasaini na ile nyongeza, Eduard Shevardnadze wa Muungano wa Kisovieti akiwemo.

Tafakari hapo. Watu waliokesha wakibishania kitenzi kimoja kuhusu mazoezi ya kijeshi ndani ya Ujerumani hawakuandika hata mstari mmoja kuhusu Poland, Hungary au Ukraine. Sababu inaeleweka: Mkataba wa Warsaw, yaani muungano wa kijeshi wa Moscow na nchi za Ulaya Mashariki, ulikuwa bado hai (ulivunjwa Julai 1, 1991), na Ukraine ilikuwa jamhuri ndani ya Muungano wa Kisovieti wenyewe. Walichokiandika ndicho walichokibishania. Pamoja na mkataba huo, Kohl alikubali kutoa mark bilioni 12 na mkopo usio na riba wa mark bilioni 3, kwa ajili ya kuwaondoa askari wa Kisovieti na kuwajengea nyumba kwao. Askari wa mwisho waliondoka Agosti 31, 1994.

Je, ahadi ya mdomo haina thamani kisheria? Wengi hujibu hapa kwa haraka kwamba "haikuandikwa, basi haipo." Jibu hilo ni dhaifu. Mwaka 1919 waziri wa mambo ya nje wa Norway, Nils Claus Ihlen, alimwambia kwa mdomo balozi wa Denmark kwamba serikali yake haitaleta matatizo kuhusu madai ya Denmark juu ya Greenland yote. Mwaka 1931 Norway ikatangaza kuichukua sehemu ya mashariki ya Greenland. Mwaka 1933 Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa ikaamua kwamba neno la Ihlen liliifunga nchi yake. Kwa hiyo kauli ya waziri inaweza kuwa wajibu kamili.

Tofauti iko katika mazingira. Ihlen alitoa jibu la mwisho kwa ombi mahususi. Baker aliuliza swali katikati ya majadiliano, serikali yake ikaliondoa pendekezo hilo, na pande zilezile zikaja kusaini mkataba unaolishughulikia suala lilelile kwa namna nyingine. Kwenye kununua kiwanja mnaweza kutaja bei tano na mipaka mitatu. Mkishasaini hati ya mauziano, kinachobaki ni kilichomo ndani ya hati. Isitoshe, NATO mwaka 1990 ilikuwa na wanachama 16. Waziri mmoja hakuwa na uwezo wa kuwafunga wote, na Mkataba wa Washington wa 1949, ulioianzisha NATO, katika Ibara ya 10 unaruhusu nchi za Ulaya kualikwa kwa kauli moja ya wanachama.

Hata hivyo, upande wa Urusi una nyaraka nyingine zenye uzito. Machi 1991 Waziri Mkuu wa Uingereza John Major alimhakikishia waziri wa ulinzi wa Kisovieti, Dmitry Yazov, kwamba haoni mazingira ya nchi za Ulaya Mashariki kuwa wanachama wa NATO. Mwezi huohuo, katika kikao cha wakurugenzi wa kisiasa wa wizara za mambo ya nje za Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani mjini Bonn, mjumbe wa Ujerumani Jürgen Chrobog alisema kwamba katika mazungumzo ya Mbili Jumlisha Nne waliweka wazi kuwa NATO haitatanuka kupita mto Elbe. Kumbukumbu ya kikao hicho ipo katika nyaraka za taifa za Uingereza. Haya hayakuwa mikataba, lakini ni ushahidi kwamba Warusi hawakujitungia walichokisikia. Gorbachev mwenyewe, akihojiwa mwaka 2014, alisema mambo mawili ambayo kila upande huchukua moja na kuliacha la pili: kwamba suala la kuitanua NATO halikujadiliwa kabisa miaka ile, na kwamba kutanuka kwake baadaye kulikiuka roho ya hakikisho walilopewa mwaka 1990.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa zaidi la Magharibi halikuwa la 1990. Lilikuwa la 1993. Agosti 25 mwaka huo Rais wa Urusi Boris Yeltsin akiwa Warsaw alisaini tamko pamoja na rais wa Poland, Lech Wałęsa, lililosema Poland kujiunga na NATO hakupingani na maslahi ya Urusi. Majenerali na wanadiplomasia wake wakashtuka, na Septemba 15 akamwandikia Bill Clinton barua ya kugeuza msimamo, akiutaja mkataba wa 1990 na roho yake. Oktoba 22 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Warren Christopher, akamfuata Yeltsin kwenye nyumba yake ya mapumziko Zavidovo kumweleza mpango mpya, Ubia kwa Ajili ya Amani, uliofunguliwa kwa nchi zote, Urusi ikiwemo. Yeltsin akaupokea kwa furaha kubwa. Alielewa kwamba ubia unachukua nafasi ya uanachama. Christopher alisema uanachama utaangaliwa kama jambo la muda mrefu ujao, lakini alilisema baada ya Yeltsin kuwa ameshafurahi, na hakulisisitiza. Januari 1994, Clinton alitangaza Prague kwamba suala si tena kama NATO itapokea wanachama wapya, bali lini na vipi. Desemba 5 mwaka huohuo, mjini Budapest, Yeltsin akaonya hadharani kwamba Ulaya inaelekea kwenye "amani baridi". Mrusi anayesema walidanganywa angekuwa na hoja kali zaidi kama angeutaja mwaka 1993 kuliko ile inchi ya Baker.

Baada ya hapo Moscow ilitaka maandishi, na ikayapata Mei 27, 1997 Paris: Hati ya Msingi kati ya NATO na Urusi. NATO ilisema haina nia, mpango wala sababu ya kuweka silaha za nyuklia kwa wanachama wapya. Ikasema pia kwamba katika mazingira ya usalama ya wakati huo na yanayoonekana mbele, itatekeleza ulinzi wake bila kuweka kwa kudumu vikosi vikubwa vya mapigano vya nyongeza. Angalia matobo yaliyomo. "Vikubwa" havikupewa idadi. "Mazingira ya wakati huo" yanaruhusu hati ife mazingira yakibadilika. Na hati yenyewe ni tamko la kisiasa, haikupelekwa kwenye mabunge iridhiwe. Ndiyo maana kuanzia 2017, baada ya Urusi kuitwaa rasi ya Crimea kutoka Ukraine, NATO iliweka batalioni moja moja Estonia, Latvia, Lithuania na Poland, na kuwabadilisha askari kwa zamu ili neno "kudumu" lisiguswe. Sasa Ujerumani inajenga Lithuania brigedi ya kukaa moja kwa moja, yenye lengo la kufikisha watu wapatao 5,000 mwaka 2027. Kwa brigedi hiyo, mzunguko wa zamu umeachwa.

Poland, Hungary na Jamhuri ya Czech zilijiunga Machi 12, 1999. Siku 12 baadaye NATO ikaanza kuipiga Yugoslavia kwa sababu ya Kosovo, bila idhini ya Baraza la Usalama. Mashambulizi yakiwa yanakaribia kuanza, Waziri Mkuu wa Urusi Yevgeny Primakov alikuwa angani juu ya Atlantiki akielekea Washington. Akaamuru ndege igeuze irudi Moscow. Kwa Urusi, pigo hilo lilikuwa na uzito kuliko kujiunga kwenyewe, kwa sababu lilionyesha kwamba NATO inaweza kupigana nje ya mipaka yake bila kura ya Moscow.

Kuhusu Ukraine, hati ya kuisoma kwa makini ni tamko la mkutano wa Bucharest, Aprili 3, 2008, aya ya 23. Bush mdogo alitaka Ukraine na Georgia zipewe mpango rasmi wa maandalizi ya uanachama. Angela Merkel wa Ujerumani na Nicolas Sarkozy wa Ufaransa wakakataa. Maelewano yaliyopatikana yakawa mabaya kuliko pendekezo lolote kati ya hayo mawili: nchi hizo hazikupewa mpango wala tarehe, lakini iliandikwa kwamba "zitakuwa wanachama wa NATO". Moscow ikapata sababu ya kukasirika. Kyiv na Tbilisi hazikupata hata askari mmoja wa kuzilinda. Miezi minne baadaye kukawa na vita Georgia.

Sasa upande wa pili wa daftari, ambao katika mabishano haya husahaulika. Kama ahadi ndiyo kipimo, zipo ambazo Urusi yenyewe ilizisaini kuhusu Ukraine. Hati ya Budapest ya Desemba 5, 1994: Urusi, Marekani na Uingereza ziliahidi kuheshimu uhuru na mipaka ya Ukraine, nayo Ukraine ikaachia silaha za nyuklia ilizorithi, zikiwemo vichwa vya masafa marefu vipatavyo 1,900. Mkataba wa Urafiki wa Mei 31, 1997, ulioridhiwa na mabunge yote mawili, unaitambua mipaka hiyo. Mkataba wa mpaka wa Januari 28, 2003 ulisainiwa Kyiv na Vladimir Putin mwenyewe pamoja na Leonid Kuchma, ukaridhiwa mwaka 2004. Crimea ilitwaliwa 2014, wakati mikataba hiyo ikifanya kazi. Mkataba wa urafiki ulikoma Machi 31, 2019, baada ya Ukraine kukataa kuuongeza muda. Kisheria, hata kama Baker angekuwa ameandika ahadi yake kwa wino na kupiga muhuri, kuivunja kungeipa Urusi dai dhidi ya Marekani. Kusingeipa haki juu ya ardhi ya nchi ya tatu ambayo haikuwemo chumbani. Balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, aliligusa jambo hilo kwenye Baraza la Usalama usiku wa Februari 21, 2022, aliposema Afrika ilirithi mipaka iliyochorwa na wakoloni na ikachagua kuiheshimu badala ya kuipigania. Msimamo huo Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliupitisha Cairo mwaka 1964.

Kumbuka pia alichokidai Putin kabla ya vita. Rasimu mbili za mikataba zilizotangazwa na Moscow Desemba 17, 2021 ziliitaka NATO isipokee mwanachama yeyote mpya, na iondoe vikosi vilivyopelekwa mashariki baada ya Mei 27, 1997. Tarehe hiyo ni ya Hati ya Msingi ya Paris. Wanasheria wa Moscow hawakuisimamisha hoja yao juu ya Februari 1990. Walichagua siku yenye maandishi. Marekani na NATO zilijibu kwa maandishi Januari 26, 2022: zilikataa kufunga mlango, zikakubali kujadili makombora, mazoezi ya kijeshi na ukaguzi. Mazungumzo hayo hayakufanyika. Kisha Aprili 2023 Finland ikaingia NATO, na mpaka wake na Urusi una urefu wa kilomita 1,340 hivi. Urusi iliunda upya wilaya ya kijeshi ya Leningrad na kutoa maonyo, lakini haikuivamia Finland. Mwezi Mei 2022 Putin alikuwa ameshasema kwamba kujiunga kwa Finland na Sweden kwenyewe hakuleti tishio la moja kwa moja, na kwamba kitakachojibiwa ni miundombinu ya kijeshi. Anayedai kwamba ukaribu wa NATO pekee ndio ulioleta vita lazima aeleze kwa nini Finland ilipata jibu tofauti na Ukraine.

Ukitaka kuzisoma nyaraka zenyewe, mihtasari ya Kimarekani na Kisovieti ya mwaka 1990 imewekwa wazi na National Security Archive ya Chuo Kikuu cha George Washington tangu Desemba 2017, na tafsiri za Kiingereza zipo. Usisome muhtasari wa Februari 9 peke yake. Usome pamoja na ule wa Mei 31, kisha Ibara ya 5 na ya 6 za mkataba wa Septemba. Mkataba huo bado unafanya kazi. Oktoba 2024 Ujerumani ilifungua Rostock, mji uliokuwa Ujerumani Mashariki, makao ya kamandi ya wanamaji ya Baltiki yenye maofisa wa nchi nyingine za NATO. Urusi ikamwita balozi wa Ujerumani kulalamika kwamba Ibara ya 5 imekiukwa. Ujerumani ikajibu kwamba kamandi ni yake, na maofisa wa kigeni si kikosi kilichowekwa huko. Hata ule muhtasari wa makubaliano wa usiku wa Septemba 1990 unaipa serikali ya Ujerumani uamuzi juu ya neno "kupeleka" tu. Kuhusu neno "kuweka" hausemi chochote.